Korona ilivyowagusa wagonjwa wa MS: Kwa nini baadhi yao walichelewa kupona

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kuwa mwenye kovu usidhani kapoa. Usemi huo unawafaa mno watu wanaoishi na maradhi ya maltipo sklerosisi, yanayofahamika zaidi kwa kifupi cha MS, kwani hata jina lenyewe la ugonjwa huo lina maana ya makovu mengi. Makovu hayo hayaonekani kwa macho kwa sababu yamo ndani ya ubongo na uti wa mgongo.

Machi 11, mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza kuwa UVIKO-19, ugonjwa unaosababishwa na virusi vya korona, umefikia kiwango cha janga la dunia, wagonjwa wa MS walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kujiuliza: Je, sisi itakuwaje? Siku tano baadaye, Machi 16, Serikali ya Uingereza iliwataja miongoni mwa makundi yaliyotakiwa kuwa makini zaidi katika kujitenga na watu. Machi 23, nchi hiyo ikafunga shughuli zake zote isipokuwa zile za lazima.

Hofu kubwa wakati huo ilikuwa kifo. Magazeti na televisheni za dunia nzima zilihesabu waliokufa, waliolazwa na waliowekewa mashine za kupumulia. Ni wachache waliojiuliza kuhusu yule aliyeugua akiwa nyumbani kwake, asilazwe wala asife, lakini baada ya wiki kadhaa akajikuta hawezi tena kupanda ngazi alizokuwa akizipanda awali, amechoka tangu asubuhi na amekata tamaa.

Hilo ndilo wataalamu wanaloliita suala la ustawi wa mgonjwa. Ustawi hautazami tu kama mtu yu hai au amekufa, bali unatazama anavyotembea, anavyolala, anavyofanya kazi zake, anavyohusiana na watu na anavyoyaona maisha yake. Tafiti zilizofanywa tangu mwaka 2020, hasa nchini Uingereza, zimebainisha kuwa kwa mgonjwa wa MS aliyeugulia UVIKO-19 nyumbani, hali aliyokuwa nayo kabla ya kuambukizwa, ya mwili na ya moyo, ilihusiana kwa karibu na uwezekano wa kurudi katika ustawi wake wa awali.

MS ni ugonjwa gani?

Ubongo huwasiliana na viungo vya mwili kupitia mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo inaweza kufananishwa na nyaya za umeme zilizo ndani ya nyumba. Kama waya wa umeme ulivyo na ganda la plastiki, ndivyo mishipa ya fahamu ilivyofunikwa na ganda la mafuta liitwalo mayelini, ambalo huufanya ujumbe usafiri kwa kasi bila kupotea njiani.

Kwa mgonjwa wa MS, kinga ya mwili ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu hukosea na kulishambulia ganda hilo. Mahali palipoliwa hubaki kovu. Ujumbe unaopita hapo huchelewa, hupungua nguvu au hukatika kabisa, kama taa inavyofifia au kuzimika pale waya unapochubuka.

Dalili hutegemea mahali kovu lilipo. Likiwa katika mshipa wa jicho, mgonjwa huona ukungu au hupata maumivu ya jicho. Likiwa katika uti wa mgongo, miguu huweza kufa ganzi au kuwa mizito, na kibofu cha mkojo huweza kushindwa kujizuia. Wapo wanaopata kizunguzungu, kutetemeka, kukakamaa kwa misuli na kusahausahau. Uchovu usiolingana na kazi aliyoifanya mtu ni miongoni mwa dalili zinazowasumbua wengi zaidi.

Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu kwa ukamilifu mwaka 1868. Takwimu zilizokusanywa na Shirikisho la Kimataifa la MS zinakadiria kuwa duniani kuna watu milioni 2.9 wanaoishi nao, na nchini Uingereza pekee idadi yao inazidi 150,000. Wanawake ni zaidi ya maradufu ya wanaume, na wengi hugundulika wakiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 40, yaani umri wa kuajiriwa, kuoa au kuolewa na kulea watoto.

Wagonjwa wengi huanza na aina ya MS inayokuja na kuondoka. Mgonjwa hupata shambulio, hukaa nalo siku au wiki kadhaa, kisha hupata nafuu. Wengine, tangu mwanzo au baada ya miaka mingi, huwa na aina inayozidi polepole bila vipindi vya nafuu. MS haiambukizi na haina tiba ya kuiondoa kabisa, lakini zipo dawa zinazopunguza mashambulio na kuchelewesha ulemavu.

Homa inapoamsha makovu

Ili kuielewa athari ya korona kwa wagonjwa hawa, ni lazima kwanza kuielewa athari ya joto. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza kuhusu wagonjwa wa MS ambao uoni wao ulififia baada ya kufanya mazoezi na ukarudi walipopumzika. Baadaye ilibainika kuwa chanzo ni kupanda kwa joto la mwili. Mshipa uliokwisha poteza ganda lake hupitisha ujumbe kwa shida zaidi joto linapoongezeka, hata kwa kiasi kidogo.

Kwa sababu hiyo, homa ya aina yoyote, iwe ya mafua, ya malaria au ya maambukizi katika njia ya mkojo, huweza kuziamsha dalili za zamani. Mguu uliokuwa mzito miaka mitatu iliyopita huwa mzito tena. Jicho lililokuwa limepona huona ukungu upya. Homa ikishuka, mara nyingi dalili nazo huondoka.

Wataalamu huliita hili shambulio lisilo la kweli. Hakuna kovu jipya lililotokea, bali makovu ya zamani ndiyo yaliyosumbuliwa. Shambulio la kweli ni lile linalodumu kwa zaidi ya saa 24 bila kuwapo homa wala maambukizi ya kulielezea. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mgonjwa, kwa kuwa yule asiyeijua anaweza kudhani kwamba ugonjwa wake umepiga hatua mbaya, akapata hofu juu ya homa aliyo nayo.

UVIKO-19 huja na homa, uchovu na maumivu ya mwili, na kwa baadhi ya watu huathiri kumbukumbu na umakini. Ni dalili ambazo mgonjwa wa MS anazifahamu kabla hata ya kuambukizwa. Kwa hiyo alipoambukizwa, hakuna aliyeweza kumwambia kwa urahisi ni dalili ipi imetokana na virusi na ipi imetokana na MS.

Walichoeleza wagonjwa 404

Uingereza ilikuwa na nafasi nzuri ya kulichunguza jambo hili kwa sababu tangu mwaka 2011 ina daftari maalumu la wagonjwa wa MS, linaloendeshwa na Chuo Kikuu cha Swansea kilichopo Wales. Wagonjwa wanaojiandikisha hujibu maswali mara kwa mara kwa njia ya intaneti kuhusu kutembea kwao, uchovu, wasiwasi na maisha yao ya kila siku. Machi 17, mwaka 2020, daftari hilo lilianza kuwauliza pia kuhusu korona.

Faida ya utaratibu huo ni kwamba watafiti hawakulazimika kumuuliza mgonjwa alivyokuwa kabla ya kuugua, jambo ambalo binadamu hulikumbuka kwa upungufu. Majibu yake ya awali yalikuwa yamekwisha andikwa. Waliweza kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, kabla na baada.

Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 404 waliopata UVIKO-19 waliulizwa kilichotokea katika MS yao wakati wa maambukizi. Wagonjwa 230, sawa na asilimia 57, walisema hali yao ilizidi kuwa mbaya. Miongoni mwao, 207 walieleza kuwa dalili za zamani ziliongezeka makali na 82 walipata dalili ambazo hawakuwa nazo kabla. Wapo 59 waliopata yote mawili.

Takwimu hizo zinaonyesha kuwa athari iliyotawala ilikuwa kuamka kwa makovu ya zamani, kama inavyotarajiwa kwa maambukizi yanayoleta homa. Hata hivyo, mgonjwa mmoja kati ya watano kupata dalili mpya si jambo la kupuuzwa. Uchunguzi huo ulibaini pia kuwa waliokuwa wakitumia dawa za kuzuia mashambulio ya MS walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata dalili mpya kuliko wasiotumia.

Ni vyema kueleza kuwa majibu hayo yalitolewa na wagonjwa wenyewe, na kwamba katika wiki za mwanzo za janga hilo vipimo havikutolewa kwa kila mtu nchini Uingereza, hivyo baadhi ya washiriki walijitambua kwa dalili tu. Dalili mpya wanazozitaja hazimaanishi kila mara kwamba kovu jipya lilionekana katika picha ya MRI. Lakini kwa upande wa ustawi, anachokihisi mgonjwa ndicho kinachopimwa.

Kupona kulikochelewa

Swali la pili lilikuwa muda wa kupona. Watu wengi waliopata UVIKO-19 hupona ndani ya wiki chache, lakini wapo wanaobaki na dalili kwa miezi. Oktoba 2021, WHO ilitoa maelezo rasmi ya hali hiyo, ambayo kwa kawaida huonekana miezi mitatu tangu maambukizi, ikiwa na dalili zinazodumu kwa angalau miezi miwili zisizoelezeka kwa ugonjwa mwingine.

Mwaka 2022, watafiti wa daftari la Uingereza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa wa MS 599 waliopata UVIKO-19 na kuendelea kutoa taarifa za kupona kwao. Baada ya kuwaondoa 28 waliolazwa hospitalini, ilibainika kuwa karibu watatu kati ya kila kumi waliobaki walikuwa na dalili zilizodumu kwa wiki nne au zaidi. Asilimia 12 walikuwa nazo kwa wiki 12 au zaidi.

Izingatiwe kuwa hawa si wale waliopelekwa hospitalini wakiwa mahututi. Ni watu walioambiwa wabaki nyumbani na kupumzika, ambao katika takwimu za kila siku za janga hilo wangehesabiwa kuwa wamepona.

Ni nani hasa waliochelewa? Uchunguzi ulitaja makundi matatu. La kwanza ni wale waliokuwa na ulemavu mkubwa kabla ya kuambukizwa, yaani waliofikia alama 7 na kuendelea katika kipimo cha ulemavu cha 0 hadi 10 kinachotumiwa kwa wagonjwa wa MS. Kwa kawaida mtu aliyefikia alama hiyo hutegemea kiti cha magurudumu.

Kundi la pili ni wale ambao majibu yao ya kabla ya kuambukizwa yalionyesha kuwa huenda walikuwa na wasiwasi uliopitiliza au sonona. Kundi la tatu ni wanawake.

Kundi la pili ndilo linalostahili kutafakariwa zaidi. Ulemavu mkubwa wa viungo ni vigumu kuurudisha nyuma, na jinsia haibadilishwi na dawa. Lakini wasiwasi na sonona vinatibika kwa ushauri nasaha, kwa dawa au kwa vyote viwili. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba kutibu sonona kungemfanya mgonjwa apone korona mapema. Hata hivyo, yanatoa sababu nzito ya kumuuliza mgonjwa wa MS kuhusu hali ya moyo wake kabla hajapatwa na maambukizi mengine, badala ya kusubiri aanguke.

Hofu, sonona na upweke

Wengi walitarajia kuwa wagonjwa wa MS wangevurugikiwa kiakili mara tu nchi zilipofungwa. Kilichoonekana katika daftari la Uingereza kilikuwa tofauti kidogo. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa zaidi ya 2,000 na majibu yao ya mwaka uliotangulia, kwa kutumia kipimo cha maswali 14 kilichotungwa mwaka 1983 kupima wasiwasi na sonona. Alama zao hazikubadilika.

Hata hivyo, habari hiyo si njema kama inavyoonekana kwa haraka. Walipolinganishwa na watu 380 wasio na MS, wagonjwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na wasiwasi na sonona, na walihisi upweke zaidi. Kwa maneno mengine, janga lilikuta mzigo huo umekwisha kubebwa. Inakadiriwa kuwa takriban nusu ya wagonjwa wa MS hupatwa na sonona wakati mmoja au mwingine katika maisha yao.

Sonona ya mgonjwa wa MS haitokani na udhaifu wa imani wala uvivu. Sehemu yake hutokana na hasara anazozipata maishani: kazi aliyoiacha, ndoa iliyoyumba, kutojua kesho ataamkaje. Sehemu nyingine hutokana na ugonjwa wenyewe, kwa kuwa makovu yaliyo katika ubongo huweza kugusa maeneo yanayoendesha hisia.

Juu ya hayo, kujikinga na virusi kulikuwa na gharama yake. Mgonjwa aliyejifungia ndani hakupata maambukizi, lakini pia alikosa mazoezi ya viungo, ambayo kwake ni sehemu ya matibabu. Miadi ya hospitali iliahirishwa au ikafanywa kwa simu. Kwa mtu ambaye misuli yake hukakamaa asipoinyoosha, miezi kadhaa ya kukaa kitini humwachia hasara ambayo haitaonekana katika kipimo chochote cha virusi.

Mtanziko wa dawa

Tatizo jingine lilihusu dawa. Kwa kuwa MS hutokana na kinga ya mwili inayokosea njia, dawa zake nyingi hufanya kazi kwa kuipunguza au kuielekeza upya kinga hiyo. Kinga hiyo hiyo ndiyo inayotegemewa kupambana na virusi. Mgonjwa akajikuta kati ya mambo mawili: aendelee na dawa akihofia korona, au aiache akihofia MS.

Uchunguzi uliofanywa Italia, moja ya nchi za mwanzo kukumbwa vikali, ulisaidia kutoa mwanga. Ulionyesha kuwa dawa hazifanani. Waliotumia dawa zinazoondoa chembechembe nyeupe za damu aina ya B, kama okrelizumabu na rituksimabu, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua UVIKO-19 vikali. Wale waliotumia interferoni hawakuonyesha ongezeko hilo la hatari. Umri mkubwa na ulemavu mkubwa navyo viliongeza hatari.

Aidha, ilibainika kuwa waliopewa dawa za steroidi katika mwezi uliotangulia maambukizi walikuwa katika hatari zaidi. Hapa ndipo tofauti ya shambulio la kweli na lisilo la kweli inapokuwa jambo la hatari, kwani steroidi ndizo hutolewa kutibu shambulio la kweli. Kumpa mgonjwa steroidi kwa haraka, wakati kinachomsumbua ni homa ya maambukizi, ni kumpunguzia kinga katika siku anayoihitaji zaidi.

Lakini kuacha dawa kiholela nako si suluhisho. Baadhi ya dawa, kama fingolimodi na natalizumabu, zikikatwa ghafla MS huweza kurudi kwa nguvu kuliko ilivyokuwa. Uamuzi wa kuahirisha dozi, kubadili dawa au kuendelea nayo hufanywa na daktari pamoja na mgonjwa, baada ya kupima ukali wa MS upande mmoja na hatari ya maambukizi upande wa pili.

Chanjo na kinga yake

Desemba 8, mwaka 2020, Uingereza ilianza kutoa chanjo kwa wananchi wake. Hofu iliyoenea miongoni mwa wagonjwa wa MS ilikuwa kwamba kuichochea kinga kungeleta shambulio. Uzoefu uliokusanywa katika nchi mbalimbali tangu wakati huo haukuonyesha ongezeko la maana la mashambulio baada ya chanjo, na vyama vya wagonjwa pamoja na madaktari wa mishipa ya fahamu vilihimiza wagonjwa kuchanjwa. Chanjo yenyewe huweza kuleta homa ya siku moja au mbili, na homa hiyo huweza kuamsha dalili za zamani kwa muda mfupi.

Tatizo lililoonekana lilikuwa jingine. Wagonjwa wanaotumia dawa za kuondoa chembechembe aina ya B, pamoja na wale wa fingolimodi, walitengeneza askari wachache wa kinga baada ya kuchanjwa. Kwa wale wa kundi la kwanza, sehemu nyingine ya kinga, inayoongozwa na chembechembe aina ya T, iliitikia vizuri, jambo lililowapa ulinzi wa kiasi. Ndiyo maana Uingereza na nchi nyingine ziliwaweka wenye kinga iliyopunguzwa katika orodha ya wanaopewa dozi za nyongeza.

WHO ilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya UVIKO-19 Mei 5, mwaka 2023. Virusi lakini havikuondoka. Kwa watu wengi vimekuwa sawa na mafua mengine, ila kwa mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza kinga tahadhari bado ni ya lazima.

Hali katika Afrika Mashariki

MS huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, kama zile za Ulaya Kaskazini na Amerika Kaskazini. Hata hivyo, hakuna bara lisilo na wagonjwa, na wapo pia Kenya na Tanzania, mbali ya ndugu zetu wanaoishi Uingereza na kwingineko. Uchache wao nao ni mzigo, kwani mtu mwenye ganzi isiyoeleweka anaweza kuzunguka kwa miaka kati ya zahanati, hospitali na kwa waganga wa jadi kabla ya kufika penye mashine ya MRI na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Huduma hizo hupatikana zaidi katika miji mikubwa.

Gharama ya dawa ni kikwazo kingine. Hatua moja ya kutia moyo ilikuwa Julai 2023, WHO ilipoingiza kwa mara ya kwanza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Orodha hiyo hutumiwa na serikali nyingi kama mwongozo wa kuamua dawa za kununuliwa.

Somo la korona linaihusu Afrika Mashariki kwa namna ya pekee, kwa kuwa hapa homa ni jambo la kawaida. Mgonjwa wa MS anayepata malaria hukumbwa na kuamka kwa makovu kule kule kulikowapata wenzake wa Uingereza walipougua UVIKO-19. Kadhalika joto la Dar es Salaam au Mombasa katika miezi ya kiangazi huweza kumlegeza mtu huyo bila hata kuumwa.

Afanye nini mgonjwa na familia yake?

Mgonjwa wa MS anayepata homa anashauriwa kwanza kupimwa ili chanzo cha homa kijulikane na kitibiwe. Kuishusha homa kwa dawa ya kawaida kama parasetamo, kunywa maji ya kutosha na kukaa mahali penye hewa baridi husaidia kupunguza dalili za MS zilizoamka.

Dalili mpya inayoendelea kwa zaidi ya saa 24 baada ya homa kuisha inahitaji kumwona daktari. Kushindwa kupumua, kuchanganyikiwa au midomo kubadilika rangi ni dalili za kukimbizwa hospitali mara moja. Kwa wale wanaotumia dawa za kupunguza kinga, ni vyema daktari ajulishwe mapema endapo kipimo cha korona kitaonyesha maambukizi, kwani dawa za kupambana na virusi vyenyewe, pale zinapopatikana, hufaa zaidi zikianza ndani ya siku tano za mwanzo.

Katika kipindi cha kupona, kurudi kazini kwa kasi ya zamani huweza kumrudisha mgonjwa kitandani. Kugawa kazi katika sehemu ndogo, kupumzika kabla ya kuchoka kabisa na kuanza upya mazoezi kidogo kidogo ndiyo njia inayoshauriwa. Asizidishe wala asikatishe dawa bila ushauri.

Familia ina nafasi ambayo daktari hana. Ndiyo inayomwona mgonjwa akikataa chakula, akikesha, akiacha kupokea simu au akikaa kimya siku nzima. Mabadiliko hayo yakiendelea kwa wiki mbili au zaidi, yanapaswa kuelezwa hospitalini kama yanavyoelezwa maumivu ya mguu. Kumwambia mgonjwa ajikaze, au kumwona mvivu kwa kuwa hana kidonda kinachoonekana, humwongezea mzigo.

Madaktari nao wana wajibu. Maswali 14 ya kupima wasiwasi na sonona humalizwa kwa dakika chache, na kalamu na karatasi vinatosha kuyajibu. Maswali hayo yanaweza kuulizwa katika kliniki yoyote, hata ile isiyo na mashine ya MRI.

Janga la korona lilipoanza, swali la mgonjwa wa MS lilikuwa kama angebaki hai. Walio wengi walibaki hai. Kilichofuata baadaye kimeonyesha kuwa kubaki hai na kupona ni mambo mawili tofauti, na kwamba mgonjwa aliyetoka katika homa akiwa na kovu lile lile la zamani anastahili kuulizwa anaendeleaje, wiki ya nne na hata ya kumi na mbili.